Barua kwa mwanangu anayekwenda kuwa mwanasheria wa chuo

Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Ndaga, asante kwa ujumbe wako. Nyumba nzima tumefurahi kusikia kwamba jina lako limetoka kwenye orodha ya Sekretarieti ya Ajira na kwamba umepangiwa chuo cha umma huko Iringa. Mama yako ameshawapigia shangazi zako wote. Mimi nimebaki na lile swali uliloandika mwishoni, kwamba wenzako wa Shule ya Sheria waliopata nafasi kwenye ofisi za mawakili Dar es Salaam wanakuambia unakwenda kuizika taaluma yako masjala, kwenye chumba cha majalada. Umeniuliza kama ni kweli. Hapana, mama, si kweli, na kwa kuwa kazi hiyo ya mwanasheria wa chuo ndiyo niliyoifanya nikakusomesha, nivumilie nikujibu kwa urefu.

Kwanza ujue mteja wako ni nani. Ni chuo chenyewe. Si Makamu Mkuu wa Chuo, wala si mkuu wa idara anayekupigia simu jioni akitaka barua ya kumfukuza mtu itoke kabla ofisi hazijafungwa. Hao ni wakubwa wako, utawaheshimu na kuwapokea vizuri, lakini chuo kimeumbwa na sheria: kuna Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, kuna Hati Idhini, yaani hati inayokianzisha chuo na kugawa mamlaka yake, kuna kanuni zilizotungwa chini yake. Baraza lina kazi zake, Seneti ina zake, kamati zina zake. Kabla hujafungua jalada lolote, isome Hati Idhini mpaka ujue nani anaamua nini. Nimeshuhudia uamuzi ambao kila mtu aliuona ni wa haki ukianguka mahakamani kwa sababu tu aliyeutoa hakuwa na mamlaka hayo, na waliotegemea uamuzi ule wakabaki mikono mitupu.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni mashauri ya nidhamu ya wanafunzi. Wengi huyaona madogo, huyaachia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, halafu mwanasheria anaitwa notisi ya kukishtaki chuo ikishafika. Usikubali kuitwa mwisho.

Nikupe mfano. Kijana alikutwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani. Akapewa barua leo, akatakiwa kufika mbele ya kamati kesho asubuhi. Barua ilisema amevunja kanuni, bila kutaja kanuni ipi. Kwenye kamati, msimamizi wa mtihani aliyemkamata alitoa ushahidi wake, kisha akarudi kitini na kuwa miongoni mwa waliopiga kura. Kijana akaachishwa masomo. Jalada liliponifikia niliandika kwamba shauri lirudiwe lote: apewe hati ya mashtaka inayoeleweka, apewe muda wa kujiandaa, aione ile karatasi, aruhusiwe kumuuliza shahidi maswali, na shahidi asikae na waamuzi. Walimu walinikasirikia sana. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba namtetea mdanganyifu. Shauri likarudiwa, kijana akasikilizwa, na kamati ikamtia hatiani tena. Akaondoka chuoni.

Najua utajiuliza faida ilikuwa nini ikiwa mwisho ulikuwa uleule. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Na katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililotoka hapa hapa Mbeya na kuchapishwa kwenye ripoti za sheria za 2003, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba hapa nchini haki ya asili, yaani kutomhukumu mtu bila kumsikiliza, imekwishakuwa haki ya msingi ya kikatiba. Mwanafunzi aliyefukuzwa anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kibali cha mapitio ya mahakama, yaani jaji akague uamuzi ulivyofikiwa, ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Jaji hatahangaika sana kama kijana alidanganya au la. Atauliza mlifikaje kwenye uamuzi. Kama hamkumsikiliza, uamuzi unatupwa, aliyedanganya anarudi darasani akiwa ameshinda, na walimu wanakata tamaa ya kusimamia mtihani. Lakini hata kama asingekwenda mahakamani kabisa, yule kijana ni mtoto wa mtu. Wazazi wake wameuza ndizi au viazi kumpeleka pale. Anayekatiwa masomo anastahili kuambiwa kosa lake kwa maneno anayoyaelewa na kupewa nafasi ya kujibu. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote, na ningependa na wewe uamini hivyo kabla hujaanza kuandika maoni ya kisheria.

Barua hizo ziandike kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na barua ya mashtaka ambayo mzazi wa kule Makete hawezi kuisoma haimsaidii mtu.

Wazazi watakuja ofisini kwako. Wapokee, wape kiti. Halafu waambie mapema kabisa kwamba wewe ni mwanasheria wa chuo, huwezi kuwa wakili wao, na watakayokueleza yanaweza kutumika na chuo. Hilo ni gumu kumwambia mzee aliyesafiri usiku kucha, lakini ukilificha umemdanganya. Kinachobaki unaweza kumsaidia: mwonyeshe rufaa inapelekwa kwa chombo gani na kwa muda gani, mwambie pia kwamba kuna watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kumweleza mtu njia ya rufaa si kukisaliti chuo.

Sasa suala la kuandika. Ukiombwa ushauri kwa mdomo, jibu kwa dokezo sabili, ile karatasi ya maelezo ya ndani ya ofisi, na uhakikishe limepewa folio, yaani namba ya ukurasa kwenye jalada. Andika ulichoulizwa, sheria inasemaje, na unashauri nini. Ukiwa na ushauri usiopendwa, uandike kwa lugha ya adabu zaidi lakini usiulainishe mpaka ukose maana. Mkubwa ana haki ya kukataa ushauri wako, ila akatae akiwa ameusoma. Wakaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wakija, hawatauliza ulifikiri nini. Watafungua jalada.

Mikataba itakula muda wako mwingi: zabuni za ujenzi, ulinzi, chakula, hati za makubaliano na vyuo vya nje. Sheria ya Ununuzi wa Umma ni ya 2023, na zabuni zenyewe sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Isome wewe mwenyewe, usitegemee kusimuliwa na kitengo cha ununuzi. Hapo sina mengi ya kukuongezea, utajifunza ukiwa kazini.

Ardhi ndiyo iliyowahi kuninyima usingizi. Vyuo vya huku kwetu vingi vimezaliwa kutoka taasisi nyingine. Mkwawa ilikuwa shule ya sekondari kabla ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Chuo cha Ufundi Mbeya cha 1986 kilikuwa taasisi ya sayansi na teknolojia 2005, kisha chuo kikuu 2012. Taasisi ikibadilika hivyo hurithi ardhi, madeni na watumishi, na lazima mtu akague kama hati miliki nazo zimebadilishwa jina. Kwa hiyo ukifika, omba jalada la ardhi, kisha mtembee na mpima mpaka kila kigingi. Ukimkuta jirani analima viazi ndani ya mpaka, nenda kwake pamoja na mwenyekiti wa mtaa mkiwa bado hamna haraka. Ukingoja mpaka mkandarasi alete greda, mtakutana mahakamani, na pengine yeye ndiye mwenye haki.

Kuhusu madai dhidi ya chuo, unajua kwamba tangu marekebisho ya 2020 anayetaka kukishtaki chombo cha umma anatoa kwanza notisi ya siku 90, anamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Fikiria maana yake kwa fundi wa Mafinga aliyewaletea madawati na hajalipwa. Gharama hiyo inaweza kulizidi deni lenyewe. Baadhi ya wanasheria hujificha nyuma ya notisi hiyo wakingoja mdai achoke. Nakuomba usiwe mmoja wao. Siku hizo 90 zitumie kukagua stakabadhi, na kama deni ni halali, shauri kwa maandishi lilipwe. Fedha za umma hazilindwi kwa kumdhulumu mwananchi.

Ukiwaza kwamba bila kusimama mahakamani hutakuwa na kazi kwenye kesi, ondoa shaka. Mashauri ya taasisi za umma yanaratibiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoanzishwa 2018, na mawakili wake watakutegemea wewe kwa kila ukweli wa jambo: nani alikuwepo kwenye kikao, muhtasari uko wapi, barua ilipokelewa lini na nani. Kesi nyingi nilizoziona zikishinda zilishinda kwenye masjala, kwa sababu kumbukumbu zilikuwepo. Waambie hivyo wenzako wa Dar es Salaam.

Ukikwama kwenye swali la sheria nipigie, hata usiku. Jalada usinitumie, hata picha ya ukurasa mmoja kwa WhatsApp. Taarifa za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mimi baba yako si mtumishi wa chuo chenu.

Nenda na vyeti halisi na nakala zilizothibitishwa, usisahau cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Mjomba wako wa Kihesa atakupokea mpaka upate chumba. Mama yako anakutumia shuka nene na parachichi, atazipakia kwenye basi la Ijumaa.

Baba yako