Njoo Utufundishie Wimbo Ule

Mulembe, ndugu yangu,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na jamaa yote huko Kakamega. Sisi huku Mombasa hatujambo, ila joto la Machi limeshika kweli kweli. Nakuandikia kwa sababu mwalimu mkuu amenikabidhi kwaya ya shule, na tangu siku hiyo Chuo cha Ualimu cha Shanzu hakinitoki akilini.

Unaikumbuka karatasi ya manila? Mwalimu wetu wa muziki aliuandika wimbo wa lazima, ule ambao kila kwaya huuimba mashindanoni, kwa solfa, yaani doh, re, mi, mistari minne iliyopandana, soprano juu, besi chini, akaibandika ubaoni. Hakutuimbia hata noti moja. Aliigonga gotini ile foku ya chuma inayotoa noti ya kuanzia, akaisogeza sikioni, akatupa doh, basi. Kila sauti ijisomee mstari wake akiuonyesha kwa kijiti. Sisi wa besi tuling'ang'ana na noti mbili tatu zilezile hadi tukadhani tumeonewa. Halafu jioni moja akaziunganisha sauti zote nne, na zile noti zetu za kuchosha zikawa ndizo zinazoubeba wimbo. Uligeuka ukanitazama kutoka safu ya tenor, sauti ya juu ya wanaume. Hukusema neno, nami nilielewa.

Baada ya chakula cha jioni tulikuwa tukikutana nyuma ya bweni, upepo wa bahari ukitupiga, kurudia pale palipotushinda. Stima zikipotea tuliendelea vivyo hivyo gizani. Naamini sikio langu lilipikwa pale. Mtu humwoni, huoni mkono wa kiongozi, inabidi usikilize pumzi ya mwenzio ujue anaingia lini.

Asiyewahi kukaa ukumbini siku ya mashindano hawezi kujua raha yake. Kwaya inapanda, inaimba, inashuka. Inayofuata inapanda na wimbo uleule. Ukifika wa nne au wa tano unajua kabisa waimbaji wa tenor watateleza wapi, na mtu akiupita mlima ule salama unapumua kwa niaba yake hata kama ni mpinzani wako. Waamuzi wanaandika, ukumbi kimya, hadi kengele ya mezani ilie ndipo kiongozi ainue mikono. Tamasha hili la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927. Nilipokuwa nimesimama pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, miguu ikitetemeka, nilijihisi nimeingia katika safu ndefu ya watu waliowahi kuisubiri kengele hiyo. Na sisi wa Pwani tulikuwa na fahari yetu: Boniface Mganga wa kwaya ya Muungano ni mwana wa Taita, na kanda zake tulizisikiliza mpaka tepu zikalegea.

Lakini wimbo wa lazima sio unaonikosesha usingizi. Ni ule wimbo wako wa isukuti, ngoma ya kwenu Kakamega.

Chuo kizima kilitarajia tuimbe wimbo wa Kimijikenda, tuna kayamba, tuna wanaoijua ngoma ya sengenya tangu utotoni. Wewe ukasimama ukasema tuimbe wa kwenu, na utatufundisha. Ulianza na maneno, silabi kwa silabi, ukakataa tusogee mpaka kila mmoja aeleze kwa Kiswahili anachokiimba. Kisha mwili. Sisi huku kiuno ndicho kinachotangulia, nyinyi ni mabega, na mabega yetu yalikuwa mazito kama magunia ya mahindi! Ulikuwa ukipita nyuma yetu mmoja mmoja, unaweka viganja mabegani, unayatikisa kwa mdundo wa ngoma mpaka yalegee. Ukatuambia huu ni wa harusi, bibi arusi yuko njiani, nani anampokea kwa uso wa mtihani? Kuanzia hapo uliimbika. Mwamuzi mmoja alisema kabla ya alama kutangazwa kwamba alijiona yuko arusini. Nafasi tuliyoshika siijali leo. Hayo maneno ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Niliposoma habari hiyo nilikufikiria wewe na zile ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na jinsi ulivyokuwa ukijua kwa kusikia tu kwamba ya wastani imelegea ngozi.

Siku hizi naona kwaya nyingi zinafundishwa kwa simu. Mwalimu anarekodi kila sauti peke yake, anaituma kwenye WhatsApp, mtoto anaimeza akiwa nyumbani. Sauti zinatoka safi, sikatai. Ila ukiwasimamisha pamoja hawasikilizani, kila mmoja anaimba na simu yake iliyo kichwani. Mimi nimeanza na solfa ubaoni. Wananuna kama tulivyonuna, na nitawavumilia.

Sasa ombi langu. Sitaki unitumie rekodi ya wimbo ule. Njoo mwenyewe likizo ya Aprili. Panda basi mpaka Nairobi, kutoka hapo ushike treni ya SGR, mimi nitakupokea stesheni ya Miritini. Kitanda kipo, na mama watoto ameshasema samaki wa kupaka utakula mpaka ukatae. Nina watoto thelathini wa gredi ya saba na ya nane, na mmoja wao, msichana wa Kidigo, ana sauti ya kuongoza ambayo lazima uisikie. Ngoma kubwa na ya wastani nimepata za kuazima. Ndogo sijapata, kwa hiyo ukiweza uje nayo begani.

Nijibu mapema nijue tarehe, maana mashindano ya kanda yanaanza muhula wa pili na muda si mwingi. Nisalimie mzee na watoto.

Ni mimi mwenzio wa safu ya besi