Usiombe kuhamishwa shambani, mwanangu

Mwanangu, jana usiku uliponiambia kwenye simu unataka kuomba wakutoe kazi ya shambani hapo chuoni wakupeleke maktaba sikukujibu kitu maana baba yako alikuwa amelala, alafu usingizi ukanipotea mpaka alfajiri, ndo nakuandikia sasa hivi niko breki kazini. Ulisema "mama, tumetoka Nyarugusu tuje Kentucky nishike jembe tena?" Limenichoma hilo neno, maana hilo jembe ndo lilikulisha.

Kuna kitu sijawahi kukuhadithia. Kule Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikuwa na kipande kidogo nyuma ya nyumba, mahindi na maharage yamechanganywa vile vile bibi yako alivyokuwa anafanya kwetu Fizi, Kongo. Siku moja napalilia, shina la maharage likang'oka, nikaona mizizi imejaa vinundu vinundu kama chunusi. Nikasema huu ugonjwa. Niling'oa mstari mzima nikaenda kuutupa mbali usiambukize mahindi, wewe nakubeba mgongoni, na mwaka ule maharage hatukuyala, tukabaki na mgao tu.

Sasa wewe, wiki tatu tu hapo chuo cha Berea, juzi umeniambia kwa kupita tu, yaani hata hukuona ni kitu, kwamba vile vinundu ni nyumba ya bakteria, wanachukua naitrojeni ya hewani wanaulisha mmea, na ukikipasua ukakuta ndani chekundu ujue kinafanya kazi. Nilinyamaza ukadhani simu imekata. Nilikuwa nalia baba! Miaka yote nalima, hakuna aliyewahi kuniambia, na mwalimu wangu wa shule aliyejua vitabu vyote sikumwona hata siku moja ameshika udongo.

Ndo maana nakuomba usihame. Maktaba utaingia tu, vitabu viko pale pale, ila kusoma asubuhi habari ya udongo alafu mchana uko nao mkononi, hiyo nafasi sisi hatukuipata. Na ni masaa 10 tu kwa wiki, kila mwanafunzi anafanya kazi, si wewe peke yako uliyeonewa, na ada hawajamtoza mtu tangu 1892. Ningeitoa wapi mimi hiyo ada kwa huu mshahara wa kufunga maboksi?

Carter G. Woodson, yule mwanahistoria mweusi aliyemaliza hapo hapo Berea 1903, alichimba makaa ya mawe kabla ya kusoma. Na zile fagio wanafunzi wanazotengeneza hapo tangu 1920, majani yake ni ya mtama, aina ya mtama wetu huu huu, nilipoishika siku ile tulipokuleta nikanusa nikakumbuka nyumbani kabisa.

Najua unachoka. Najua kuna wenzako wanakucheka ukiingia darasani na matope kwenye viatu, waache. Kama ni nguruwe wanakushinda sema na msimamizi wako, waambie wakupeleke bustanini, hilo sikukatazi.

Jumamosi tunakuja na baba yako, ni dakika 45 tu toka hapa Lexington. Ntaleta sombe na ndagala. Wewe niwekee shina moja la maharage na mizizi yake, usiuoshe udongo, nataka unipasulie kinundu nione huo wekundu kwa macho yangu.

Mama yako