Barua kwa mpwa wangu anayetazama kindege mubashara

Mpwa wangu,

Nimeona nikuandikie hadharani kwa sababu vijana wengi wa Mtwara, mjini na huko Masasi na Newala, wanatazama unachokitazama wewe, na kwa sababu kwetu Wamakonde mambo ya mpwa yakiharibika anayeulizwa ni mjomba. Sikukatazi kubeti, kwani umeshavuka miaka 18 na sheria inakuruhusu. Neno langu linamhusu yule kijana unayekesha ukimtazama mtandaoni akicheza mubashara kindege, yaani Aviator, mchezo wa kamari ambao kindege hupanda na dau kukua nacho, na usipovuta pesa kabla hakijakatika, umeliwa.

Uliponionyesha, uso wake ulikuwa pembeni mwa kioo, kindege kikapanda, akavuta pesa, akaruka kutoka kitini huku akipiga kelele. Na chini ya video kulikuwa na kiungo pamoja na namba maalumu ya kujisajilia kwenye kampuni ya kubeti. Macho yangu yalibaki kwenye kile kiungo. Katika mikataba mingi ya namna hiyo, mwenye kiungo hulipwa sehemu ya fedha zinazopotezwa na wale walioingia kupitia kwake, kwa hiyo ukiliwa wewe, yeye anakula. Hata mnunuzi wa kangomba, yule mlanguzi wa korosho kwa njia ya magendo, pamoja na dhuluma yake yote, hamfichi mkulima kwamba amekuja kununua korosho.

Usidhani ninamsingizia. Trevor Martin na Thomas Cassell, watengeneza video maarufu wa YouTube, walijirekodi wakicheza na kushinda kwenye tovuti ya kamari ya CSGO Lotto bila kuwaeleza watazamaji wao kwamba tovuti hiyo ilikuwa yao wenyewe. Jambo hilo lilifichuka mwaka 2016, na mwaka uliofuata Tume ya Biashara ya Marekani ikawabana watangaze wazi uhusiano wa aina hiyo. Mwaka 2022 mrushaji mwingine maarufu, Tyler Niknam, alisema mwenyewe kwamba kampuni ya kasino ilimlipa dola milioni 360 kwa miezi 16. Mtu wa malipo kama hayo akipoteza dau mbele yako, ameumia nini? Wapo pia wanaochezea salio la maonyesho, yaani pesa isiyo ya kweli, na wapo wanaokata rekodi wakabakiza ushindi peke yake.

Mchezo wenyewe hauhitaji hata kuchakachuliwa. Watengenezaji wa Aviator, Spribe, wanaeleza kwamba hurudisha asilimia 97 ya madau, maana yake kwa wastani kila shilingi 1,000 unayoweka inaacha 30 nyuma. Ni kidogo, utasema. Lakini mzunguko mmoja huisha kwa sekunde chache, na ukiweka 1,000 mara 100, jambo ambalo jioni moja inalitosha, umeshapitisha 100,000 na wastani wa hasara ni 3,000, bila mtu yeyote kukudanganya. Kuhusu wale wanaouza "signo", yaani utabiri wa kindege kitafika wapi, kwenye magrupu, matokeo ya kila mzunguko hutengenezwa kwa kuchanganya namba ya siri ya seva na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau, hivyo hakuna wa kukutabiria kindege kitakatika wapi.

Malipo ya korosho yakishaingia, mama yako atakupa fungu lako, nalo ni lako. Kabla ya hapo nitumie kile kiungo. Kisha usiku wa leo, mbele ya watazamaji wenzako, muulize yule kijana analipwa na nani na salio lile limetoka wapi, halafu uniambie alijibu nini, au kama alikutoa kwenye laivu.

Mjomba wako