Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakata Miti na Wakwezi, Dar es Salaam

Ndugu wanachama, wazee wetu wakwezi wa minazi, vijana wa chenso, ile misumeno ya injini, na ninyi mnaoshika kamba chini ambao mteja hawaulizi hata majina: poleni na kazi, karibuni kwenye mkutano mkuu.

Katiba inanitaka niwaeleze kamati imefanya nini kwa mwaka mzima. Vikao vilikaa. Ada ilikusanywa kwa mbinde kama kawaida yetu, na mhazini atawasomea nani anadaiwa. Wanachama wapya tumewapata, wengi kutoka Kigamboni na Mbezi, ambako watu wanajenga na minazi na mikorosho ya zamani imebaki katikati ya nyumba. Hayo yanatosha. Muda wenu nitautumia kwa uamuzi mmoja wa kamati ulionung'unikiwa kuliko yote: hakuna mwanachama kupanda na mashine mpaka chini ya mti awepo mwenzake anayejua kupanda, mkanda ameshavaa, kamba ya pili imeshapitishwa juu.

Manung'uniko nimeyasikia. Linalorudiwa zaidi ni kwamba mteja anatoa hela ya mpandaji mmoja na vibarua wawili, na ukimtajia fundi wa pili anampigia simu mtu mwingine. La pili linatoka kwa wazee, kwamba wao wamekwea minazi tangu ujana wao, panga kiunoni, kamba miguuni, wakashuka salama na nazi za watu. Ni kweli kabisa. Lakini mkwezi wa nazi anapanda shina moja lililonyooka lenye vidato, mkono mmoja unakata na mwingine umekumbatia mti, kisha anashuka. Sisi tunakaa saa tatu au nne ndani ya mwembe wa Upanga, tunaning'inia kwenye kamba, chini kuna paa la vigae na mkononi kuna mnyororo unaozunguka. Hiyo si kazi ile ile.

Mwenzetu mmoja yumo humu ukumbini na ameniruhusu nieleze yaliyompata, ila nisimtaje jina. Alikuwa juu ya mwembe, Tabata, anapunguza matawi yaliyolalia paa la jirani. Alipohamia tawi la upande wa nyuma akakanyaga kiota cha majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, yale majani yaliyoshonwa pamoja ambayo sote tunayajua. Wakaingia shingoni, wakaingia machoni. Mtu akiumwa na majimoto hafikiri, anajipiga makofi. Aliachia tawi, akayumba mpaka kwenye shina, akagonga ubavu, akabaki ananing'inia kwenye mkanda wa kiunoni tu, pumzi hana. Chenso ilikuwa imefungwa kwa kamba yake na imeshazimwa, Mungu ashukuriwe. Chini walikuwapo vijana wawili waliochukuliwa kijiweni asubuhi ile ile. Walipiga kelele, walilia, mmoja alikimbilia ngazi ambayo haikufika hata nusu ya mti. Aliyemshusha ni mwanachama wetu aliyekuwa na kazi mtaa wa pili, akasikia kelele.

Mtu akining'inia kwenye mkanda bila kuchezesha miguu, damu inatuama miguuni na hairudi moyoni inavyotakiwa. Akizimia katika hali hiyo, tunahesabu dakika. Zimamoto tunawaheshimu, na namba 114 kila mmoja awe nayo kwenye simu, lakini gari lao haliingii vichochoro vya Manzese, na saa kumi na moja jioni Barabara ya Morogoro mnaijua. Anayeweza kumfikia mpandaji kwa wakati ni mpandaji mwingine aliyepo pale pale. Ndiyo maana kamati haitabadilisha uamuzi huu, na ndiyo maana tumesema mkanda wa kiunoni peke yake uishe, tuvae ule wenye kubeba mapaja.

Sasa hela. Wengi wetu bado tunataja bei kwa kutazama juu. Tazameni chini kwanza. Mnazi mrefu uliosimama kwenye kiwanja kitupu, ukiwa mzima, ni kazi ya asubuhi. Mwashoki mwembamba uliobanwa kati ya ukuta, simtanki na banda la kuku ni kazi ya kutwa, kwa sababu hakuna kipande kitakachoachiwa kianguke. Kila kimoja kinafungwa, kamba inapitishwa kwenye panda imara juu, inashuka na kuzungushwa kwenye shina mara mbili tatu kulingana na uzito, na mtu wa chini anaiachia kidogo kidogo. Mizunguko ile ndiyo inayobeba mzigo. Mkiwa wawili mmeivuta kwa mikono tu bila kuizungusha, tawi bichi la mwembe litawanyanyua wote. Kazi ya namna hii ukiifanyia bei ya mnazi, utaanza kutafuta pa kubana, na pa kwanza kubanwa huwa ni mtu. Kwa hiyo msimtajie mteja bei ya mti halafu mkaongeza "na msaidizi". Tajeni bei moja, mpandaji wa pili akiwa ndani yake. Atakayekataa aende. Wapo waliokwenda mwaka huu, na baadhi yao walirudi baada ya ukuta kupasuka.

Kuhusu umeme nitasema kwa ukali na mnisamehe. Kuti bichi la mnazi limejaa maji. Likiegemea waya, umeme unapita kwenye kuti, kwenye panga, kwako, na kwa aliyeshika kamba chini ikiwa imelowa. Laini kubwa za kilovoti 11 na 33, yaani volti elfu kumi na moja na elfu thelathini na tatu, hazina ganda lolote, na hazisubiri kuguswa. Ukisogea karibu zinaruka. Mti ulioingia kwenye laini hizo ni wa TANESCO, tupigeni simu tuwaachie. Kwa waya za kawaida za nyumbani, ndani ya mita 3 hatufanyi kazi mpaka umeme ukatwe na wenyewe, tuone kwa macho umekatwa. Mteja atakwambia, "Wewe pita taratibu tu, yule wa mwaka jana alipita." Muulize yule wa mwaka jana yuko wapi, na kama yupo, akamwite yeye. Mwanachama atakayebainika kupanda kwenye waya zenye moto anasimamishwa, hata akiwa mjumbe wa kamati.

Vifaa. Kamba za chama na mikanda mipya viko kwa katibu, vinaazimwa kwa kuandikishwa. Nimesikitika kuona kamba moja ya kupandia imerudi na grisi. Imevutia gari. Kamba iliyovuta gari au kubeba tawi lililoanguka ghafla haipandiwi tena, hata ikionekana mpya, kwa sababu kilichokatika kiko ndani. Kabla ya kupanda ipitishe yote vidoleni, taratibu. Ukikuta mahali pamelainika, pamekuwa pembamba au pamefanya donge, ikate hapo hapo vipande vya kufungia kuni, usije ukajaribiwa kesho. Katani tuiache kwa mizigo. Mvua za masika zinaiozesha kiini huku nje inang'aa. Na zile kulabu za kuchomelea gereji, jamani, hapana. Fundi anayechomelea geti hajui uzito wako ukidondoka mita mbili.

Chenso nyingi tunazonunua Kariakoo zina jina kubwa ubavuni na roho ndogo ndani. Sitawazuia kununua mnachoweza, ila kabla ya kulipa, iwasheni. Mnyororo ukiwa unazunguka, sukuma mbele ule mlango wa breki ulio mbele ya mkono: mnyororo usimame palepale. Usiposimama, irudisheni. Breki hiyo ndiyo itakayokuokoa ncha ya juu ya upanga, ule ubapa unaobeba mnyororo, ikigusa tawi usilolikusudia na mashine ikakurukia usoni. Mafuta pimeni kwa chupa, msipime kwa jicho. Mashine inayotaka 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili ya tustroku kwa lita 5 za petroli. Oili chafu ya gari kwenye mnyororo imeua pampu nyingi kuliko wizi. Na mnyororo ukianza kutoa unga badala ya vipande, shuka uupige tupa. Mashine butu inakufanya uisukume, na anayesukuma mashine juu ya mti hana mkono wa kujishikia. Kuna mtu kaniuliza kama kofia na kinga ya masikio ni za lazima kwa joto hili la Januari. Ndiyo. Chenso inapiga kelele za kiasi cha desibeli 110, na sioni haja ya sisi wote kuzeeka tukiulizana "eti?"

Barabarani tuna tatizo letu peke yetu. Dereva wa Dar akiona matawi yamelazwa kwenye lami anajua mbele kuna lori bovu. Anapunguza kidogo, anazunguka, anaendelea, wala hatazami juu. Sisi tunaziba njia kwa matawi hayo hayo tukidhani tumemwonya. Kamba ya rangi na mtu mwenye bendera nyekundu pande zote mbili, hicho ndicho kinachosimamisha bodaboda, tena si wote. Vijiwe vilivyo chini ya mikungu na miembe vihamishwe siku moja kabla, kwa kuzungumza na mjumbe. Mimi naona ni rahisi kushusha gogo zima kuliko kumhamisha mama lishe saa nne asubuhi wali ukiwa jikoni, na haki yake anayo, hakuna aliyemwambia.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, ingawa makali yake yalikuwa kusini kwetu, upande wa Mafia, kiliwafundisha wateja kutazama miti yao. Tangu hapo simu za "njoo ukaangalie huu umeinama" zinakuja hata kiangazi. Ni biashara nzuri, tuifanye kwa ukweli. Mti kuinama si ugonjwa. Mivinje ya ufukweni imeinama toka tuzaliwe. Tazameni shina linapoingia ardhini: uyoga, udongo uliopasuka upande mmoja, sauti ya uwazi ukigonga kwa nyuma ya shoka. Mnazi uliodondosha makuti yote na kubaki nguzo usipandwe kabisa, uangushwe kutoka chini au ufikiwe kwa mashine ya kunyanyulia.

Wateja wanaosema "mkate kipara" waelimishwe. Mwembe uliokatwa kichwa unachipua fimbo nyingi zilizoshikilia gome tu, na baada ya misimu michache hizo ndizo zinazoanguka kwenye gari lake. Katieni kwenye shingo ya tawi, pale linapotokea shinani, mkianza na mkato wa chini ili gome lisichanike. Na kabla ya kuangusha mti mzima, kibali cha halmashauri kiwe mkononi. Nimechoka kuitwa serikali ya mtaa kuwatetea.

Bima bado hatujafika mbali. Wenye vikundi vinavyolipa vijana mishahara mnatakiwa kujisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria haiangalii kama ofisi yako ni kirikuu. Waliojiajiri wanaweza kuchangia NSSF kwa hiari. Katibu ana fomu, na zimekaa kwake hadi zinapauka.

Mafunzo ya kumwokoa mtu aliyenasa juu yatafanyika Jumapili mbili kabla ya masika, kwenye mwembe tuliopewa na mzee wetu wa Mbagala, ambao kamati imeshaukagua, hauna majimoto. Kila mpandaji atamshusha mwenzake na kila mpandaji atashushwa. Njooni na mikanda yenu. Asiye na wake atatumia wa chama, ila atasubiri foleni iishe. Chakula ni juu ya chama, na hapo ndipo mhazini alipotaka nisimame, namkaribisha asome hesabu.