Tuambieni diski ikoje, hadithi tunaijua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna kurasa zetu za burudani zinavyohakiki filamu za zamani zinapotolewa upya kwenye diski. Nichukue mfano wa Lethal Weapon, filamu ya Richard Donner ya mwaka 1987, ambayo Warner Bros. waliitoa mwaka 2025 kwa diski ya 4K, yaani yenye picha kali kuliko DVD na Blu-ray ya kawaida. Mnunuzi wa filamu hii haulizi kama askari Riggs (Mel Gibson) na Murtaugh (Danny Glover) watawaweza wale wauza unga wa Los Angeles. Hilo analijua tangu enzi za kanda za video. Anataka kujua picha ikoje, sauti ikoje, ni toleo la dakika ngapi na kama litacheza kwenye deki yake. Mhakiki asipoyajibu hayo, amesimulia hadithi tu.

Aanze na umbo la picha. Filamu hii ilitengenezwa kuonyeshwa kwa uwiano wa 1.85 kwa 1, yaani upana ni mara 1.85 ya kimo. Ikikatwa pembeni ili ijae kwenye TV ya chogo ya 4:3, asilimia 28 ya upana wake inapotea. Kwa filamu nyingine mtu anaweza kuvumilia, lakini si hii. Filamu ya askari wawili wasiopatana uhai wake uko kwenye fremu inayowabeba wote wawili: Mel Gibson anaropoka, nasi tunacheka kwa sababu tunamwona Danny Glover pembeni yake anavyokunja uso. Kata pembeni, na mmoja wao anabaki pua na sikio.

Kukagua ni rahisi. Kwenye TV pana ya mistari 1,080, picha sahihi huacha utepe mweusi wa mistari 21 juu na 21 chini. Kwenye 4K ni 42 na 42. Usipouona, ingia kwanza kwenye menyu ya TV uzime ukuzaji wa picha, kwa maana TV nyingi hukuza kidogo na kula kingo zote nne. Utepe ukiendelea kukosekana, basi waliotengeneza diski wameifungua picha ijaze kioo. Hilo ni kosa dogo, ila litajwe.

Kuhusu urefu kuna mtego unaowanasa hata wauzaji. Toleo la sinema lina dakika 110. Toleo la mwongozaji lina 117, na miongoni mwa nyongeza zake Riggs anamwendea mdunguaji anayefyatulia risasi uwanja wa shule. DVD za PAL, mmoja wa mifumo ya TV, hucheza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo dakika 110 zinashuka hadi 106 hivi, na 117 hadi 112. Ukikuta kava limeandikwa 112, usidhani ni toleo la sinema. Hilo ndilo refu. Kasi hiyo, isiporekebishwa, hupandisha na sauti pia kwa kiasi kisichofika nusu toni. Mwenye sikio ataisikia kwenye muziki wa Michael Kamen, hasa gita la Eric Clapton linalomfuata Riggs na saksafoni ya David Sanborn inayomfuata Murtaugh. Kwa maoni yangu toleo la sinema lina mwendo bora: kwamba Riggs haogopi kufa tunaonyeshwa pale wanapouza miti ya Krismasi, kisha tena juu ya paa na yule mtu anayetaka kuruka. Mdunguaji anaongeza risasi tu.

Sasa picha yenyewe, na hapa ndipo wahakiki wetu wanapopotoka zaidi. Wanasifu diski kwa kuwa "safi, haina chenga". Chenga zilitokana na antena na kanda zilizochakaa. Zile punje ndogo zinazotetemeka ndani ya picha ya filamu ya milimita 35 ni kitu kingine kabisa. Ndizo zinazobeba picha aliyoipiga Stephen Goldblatt. Mafundi wakizifuta kwa kompyuta, huondoka nazo vinyweleo, mikunjo ya ngozi na nyuzi za nguo, na uso wa mtu unakuwa kama wa nta. Pa kupimia ni mapema kabisa, bafuni, Murtaugh anapotimiza miaka 50 na bintiye anamwambia ndevu zake zina mvi. Simamisha picha. Kila unywele mweupe uonekane peke yake. Ukiona doa la kijivu lililolainika, punje zimefutwa. Tazama pia kingo za mabega na magari: mstari mweupe unaozizunguka ni ukali wa bandia.

Kisha nenda kwenye pambano la mwisho la Riggs na adui yake, anayeigizwa na Gary Busey, usiku, majani yameloa na maji yanaruka. Picha hubanwa ili ienee kwenye diski, na maji yanayotawanyika gizani ni magumu kubana. Diski dhaifu hugeuza matone kuwa vigae. Zile DVD za filamu kumi kwa moja hazina njia ya kukwepa hilo: gigabaiti 4.7 zikigawanywa kwa kumi, kila filamu inapata megabaiti 470, yaani chini ya megabiti 0.6 kwa sekunde, wakati DVD inaruhusu hadi 9.8. Mtu aliyetazama nakala ya namna hiyo asiandike kwamba filamu ilipigwa vibaya. Diski ya 4K ina gigabaiti 50, 66 au 100.

Kabla ya kuhukumu lolote, weka TV kwenye hali ya sinema, punguza ukali wa picha na uzime ulainishaji wa mwendo. HDR, yaani ule mfumo wa diski za 4K unaopanua tofauti ya mwanga na giza, kwenye TV yenye mwanga hafifu huzamisha giza. Kwa mwenye TV ya namna hiyo Blu-ray ya kawaida inaweza kuonekana vizuri zaidi, na aambiwe kabla hajatoa hela.

Sauti ya filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar, nayo ilichanganywa kwa Dolby Stereo: mikondo minne ndani ya njia mbili. Mhakiki aseme kama mchanganyo huo wa awali umo au kuna ule mpya tu, maana katika michanganyo mipya milio ya bunduki huweza kubadilishwa. Maneno yakisikika kwa mbali kwenye spika za TV, tatizo huenda si diski. Weka deki itoe stereo.

Mwisho kanda, si zile za video, bali maeneo ya dunia ambayo diski imefungiwa kuchezwa. DVD za Tanzania na Kenya ni kanda 5, za Marekani ni 1. Blu-ray za Afrika ni B, za Marekani A. Diski ya 4K haifungwi kwa kanda, lakini Blu-ray inayofungashwa nayo inaweza kufungwa.

Naomba basi kila uhakiki wa diski utaje uwiano, dakika, toleo, sauti, kanda, pamoja na TV na deki vilivyotumika. Mistari minne ya gazeti inatosha.

Msomaji wako,
Dar es Salaam