Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kikombe cha Mwindaji Bora wa Tuzo

Ndugu wanachama,

Habari za fedha atawasomea Mhazini, na orodha ya mahudhurio iko kwa Katibu. Mimi nina jambo moja tu, lile lililokula karibu vikao vyote vya kamati mwaka huu: ugomvi wa kikombe cha Mwindaji wa Mwaka, tunachompa mwanachama aliyewashinda wenzake kukusanya tuzo ndani ya michezo ya video. Wengi wenu mmesikia nusu ya kisa, tena ile nusu yenye chumvi.

Mnakumbuka mwaka jana tulimpa kikombe mwenye platinamu nyingi kuliko wote, yaani ile tuzo ya juu ya PlayStation anayopewa aliyezimaliza tuzo nyingine zote za mchezo. Kazi ilikuwa nyepesi: tulihesabu, tukapiga makofi, tukala pilau. Mwaka huu aliyeongoza hesabu alituletea orodha ndefu kweli. Tulipoipitia tukakuta zaidi ya nusu ni michezo ya jamii ya My Name is Mayo, ule wa 2016 ambao kazi yako ni kubonyeza chupa ya mayonezi mara 10,000. Hakuna adui wala kufa, na mkono mmoja ukibonyeza mwingine unaweza kushika chai. Sisemi ni kosa. Hata mimi ninayo hiyo platinamu, niliipata huku natazama mpira.

Upande wa pili kulikuwa na mwenzetu ambaye platinamu zake za mwaka hazikumaliza vidole vya mkono mmoja. Moja ilikuwa ya Dead Rising. Kwa wasioujua mchezo huo, kuna tuzo inayokutaka uishi siku saba ndani ya jengo la maduka lililojaa mazombi. Siku moja ya mchezo ni saa 2 za kwetu, kwa hiyo ni saa 14, na kusevu, yaani kuhifadhi ulipofika ili uendelee baadaye, hakuruhusiwi. Afya yako inashuka yenyewe muda wote, lazima ule, na chakula kilichomo kina mwisho.

Jaribio lake la kwanza lilifika saa ya 11, umeme ukakatika. Alinipigia simu usiku ule ule. Nilijiandaa kumpa pole, kumbe anauliza bei ya betri na inveta. Baadaye nilipita kwake akanionyesha daftari la shule, lile la mistari. Humo ameandika duka lipi lina chakula gani, atakula lini, na atajificha wapi kati ya mlo mmoja na mwingine, na kila kilicholiwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Juu ya ukurasa kaandika kwa herufi kubwa: MAJI YA MACHUNGWA YASIGUSWE KABLA YA SIKU YA NNE. Jaribio la tatu akafika.

Kamati ikagawanyika pande mbili. Wa upande wa namba walisema kanuni ni kanuni, na mwenye nyingi ndiye mwenye kikombe. Hoja yao ina mizizi. Tangu Microsoft walipoileta Gamerscore, yaani jumla ya alama za tuzo za mchezaji, pamoja na mashine yao ya Xbox 360 mwaka 2005, na Sony wakafuata na tuzo zao za PlayStation Julai 2008, watu wamekuwa wakikimbizana kwa namba. Mmarekani Raymond Cox alikuwa wa kwanza kufikisha alama 1,000,000 za Gamerscore, Machi 2014. Hakam Karim wa Bahrain ameingia kwenye rekodi za Guinness kwa platinamu zaidi ya 1,000. Namba za kimo hicho siwezi kuzibeza, maana ni miaka ya maisha ya mtu.

Ila sisi hatuko kwenye kimo hicho, na huku chini namba inadanganya sana. Chukueni Avatar: The Burning Earth ya 2007. Alama zote 1,000 zinapatikana kwa dakika chache tu, kwa kubonyeza kitufe kimoja mfululizo. Sasa wekeni pembeni yake Call of Duty 4 ya mwaka huo huo, yenye ile tuzo ya ndege, ambapo una sekunde 60 kupita katikati ya risasi kwenye ugumu wa juu kabisa na kumwokoa mateka. Mchezo huo nao ni alama 1,000. Mashine haijui tofauti yake. Anayeijua ni mtu aliyeketi hapo akafa mara mia mbili.

Kuna waliopendekeza tupime kwa uadimu, kwa kuwa Xbox yenyewe huitambulisha kuwa adimu tuzo iliyopatikana na chini ya asilimia 10 ya wachezaji. Nilikubali kwa wiki moja. Kisha nikakumbuka kwamba tuzo inaweza kuwa adimu kwa sababu mchezo wenyewe haupendwi, au watu wanaununua na kuuacha sura ya kwanza. Uadimu unasaidia, lakini peke yake hautoshi.

Nikiwatazama wale ninaowaona ni wawindaji wa kweli hapa chamani, naona jambo ambalo orodha haionyeshi. Wanasoma kabla ya kushika pedi ya kuchezea. Wanajua tuzo ipi ukiipita hairudi, na ipi inategemea seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha mchezo mtandaoni, hivyo za mtandaoni wanazimaliza kwanza kabla seva hazijazimwa. Na wakianza mchezo wanaumaliza. Mwenye michezo hamsini iliyoachwa kwenye asilimia 12 anaonja tu.

Kuhusu udanganyifu nitasema kwa ufupi, maana mhusika ameshaomba radhi. Tuzo yake ya kumaliza hadithi ya mchezo iliandikwa kupatikana saa 3 usiku, na ya kumaliza sura ya kwanza saa 5 usiku huo huo. Alikuwa amepakua sevu ya mtu mwingine, yaani mchezo uliokwisha kuchezwa na kuhifadhiwa na huyo. Mwaka 2008 Microsoft waliwafutia alama watu wa namna hiyo na kuwabandika neno la mdanganyifu kwenye wasifu wao. Sisi tumemwondoa kwenye mashindano ya mwaka huu, basi.

Kamati inaleta kwenu pendekezo mlipigie kura leo: kila mgombea achague tuzo 5 alizozipata ndani ya mwaka, asimame mbele yetu aeleze alivyozipata, kisha wanachama waamue. Mwenye chupa ya mayonezi naye anakaribishwa kuitetea. Kikombe cha mwaka huu hakijatolewa. Kiko kabatini kwangu, na mke wangu anauliza kila wiki kitaondoka lini.

La mwisho. Mwanachama mmoja anawinda tuzo ya The Stanley Parable inayotaka mchezo usiguswe kwa miaka 5. Bado ana miwili. Tafadhali, wanaomtembelea wasimwombe awaonyeshe mchezo huo.

Mwenyekiti