Nisafishie tangi, lakini si sana

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, tangu siku ile ya kikoba hatujaonana. Mimi mzima, mafua tu. Basi la Tanga linaondoka alfajiri na begi bado liko wazi kitandani, kwa hiyo niende kwenye shida yangu. Nakwenda arobaini ya shangazi, na mambo ya ukoo yakianza unajua hayana siku ya kurudi. Ufunguo nimemwachia Mama Salum. Naomba uniangalilie samaki, na katikati ya wiki unisafishie tangi lao. Ila Rehema, nakusihi, lisafishe nusunusu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nakujua. Kwenye simu utasema "sawa, sawa", halafu ukifika ukaona ukijani kwenye kioo utakunja mikono ya gauni na kuomba stilwaya. Sasa sikiliza. Wale samaki wa Ziwa Tanganyika aliowaleta shemeji wametotoa. Vifaranga wamo ndani ya yale magamba ya konokono, wadogo kuliko punje ya mchele, na rangi yao ni ya mchanga. Usipotulia mbele ya kioo utaapa hakuna kitu.

Kwa hiyo gamba usinyanyue hata moja. Kule ziwani magamba matupu ya konokono yametanda chini, na samaki hawa, ambao mkubwa wao hafiki urefu wa kidole chako, wameyafanya nyumba. Mama hutaga humo humo, na watoto hukaa mlangoni mpaka wapate nguvu. Ukilisuuza gamba bombani, na najua mkono utakuwasha, umemwaga familia nzima kwenye sinki.

Ningekuambia uliache tu mpaka nirudi, lakini haiwezekani. Maji ya ziwa lile yana pH, yaani kile kipimo cha uasidi na ualkali, inayokaribia 9, na hata haya ya tangini nayaweka huko huko. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia ya uchafu wao iliyo katika hali ya kuwaua haifiki asilimia 1. Kwenye 9 inapita theluthi. Uchafu ule ule, lakini hapa unaua haraka zaidi, na vifaranga ndio wa kwanza.

Basi fanya hivi. Ule mpira mnene wa kunyonyea maji usiuguse, utawameza. Chukua mwembamba wa pampu ya hewa, nyonya uchafu unaouona juu ya mchanga tu, mbali na magamba, na maji yaingie kwenye ndoo nyeupe. Nyeupe, Rehema, siyo ile nyekundu ya kufulia, hata kama unaniambia umeisuuza. Ukishatoa kama sehemu moja ya kumi ya maji, simama. Mulika ndoo kwa tochi. Kikiruka kitu, mchote kwa kijiko pamoja na maji yake umrudishe, wavu unawaumiza.

Ukishakagua, kamulia sponji ya chujio ndani ya maji hayo hayo ya ndoo, mara moja mbili, inatosha. Ule utelezi wa kahawia unaouchukia ndio wenye bakteria wanaomaliza amonia. Ukiupeleka bombani, klorini itawaua, halafu tutaanza kuokota maiti.

Maji ya kujazia yako kwenye pipa la bluu barazani. Yameshatulia, klorini imetoka. Humo ndani kuna mfuko wa vipande vya matumbawe, SI TAKATAKA, usiutupe. Weka ndoo juu ya stuli, funga fundo kwenye ule mpira mwembamba, maji yadondoke matone matone huku unatazama tamthilia yako. Yakiisha kabla ya matangazo, umeharakisha. Kioo cha mbele futa polepole kwa ile kadi ya zamani ya benki. Cha nyuma kiache na ukijani wake, vifaranga wanadonoa vijidudu humo. Mikono isiwe na sabuni wala losheni.

Chakula nimekisaga kiko kwenye kopo la kahawa. Kidogo sana. Mama Salum atakushauri uwape kiini cha yai, mwambie asante na uendelee na yako. Kinachafua maji kabla hawajakimaliza. Umeme ukikatika pampu itasimama, basi kila ukipita chota kikombe umwagie juu juu maji yapate hewa, mbali na magamba. Nimeshasema mbali na magamba?

Ile habari ya Chausiku na hela ya mzunguko... hapana, hiyo tutaongea nikirudi, karatasi haina siri.

Je, utaweza kupita kila siku au nimwombe Mama Salum ashike asubuhi? Mgongo wako unaendeleaje, stuli utaiweza? Binti yako amepangiwa chuo gani? Na wewe ulisema unataka jozi ya kuanzia, bado unataka, au Baba Nasra amekataa tangi sebuleni?

Nijibu usiku huu huu. Ukishindwa itabidi nimwombe Baba Salum, na yule kila akija anauliza wakikua wanafikia kilo ngapi.

Wako,
Zuhura